Msimu Aliofungiwa Chebet

Juzi mlikuja kwangu na simu zenu, mkanionyesha habari za timu ya basketi ya chuo fulani cha ng'ambo ambayo imefungiwa kwa makosa ya kocha wake. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja wenu alisema ni haki, sheria ni sheria. Mwingine akasema ni uonevu, kwa sababu wachezaji wa leo hawakuwepo wakati wa hayo makosa. Kisha mkanigeukia: "Mama Atieno, wewe ulikuwa refa. Hebu tuamulie." Sikuwajibu kwa sababu nilikuwa natafuna, na pia kwa sababu jibu langu ni refu. Leo mvua imeshika kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana, sina pa kwenda, basi wacha niwaandikie.

Kwa wale ambao hawanijui vizuri: baba yangu alitoka kule ziwani akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, sehemu ya kunyausha majani, na mimi nikazaliwa humu humu kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa chai. Nilipokua niliajiriwa ofisi ya ustawi wa wafanyakazi kwenye shamba la kiwanda hicho hicho. Wikendi nilipuliza filimbi. Nimestaafu kazi zote mbili. Ya ofisi nilistaafishwa na umri, ya filimbi nilistaafishwa na magoti, na magoti hayakunipa barua wala karamu ya kuniaga.

Aliyenifundisha urefa ni Mwalimu Koskei, mwanamume mrefu aliyekuwa na sauti ndogo sana. Siku yangu ya kwanza niliona faulo nikapuliza kwa woga, kifilimbi kikatoa sauti kama ya kifaranga. Wachezaji wakaendelea kucheza. Hawakujua kama nimepuliza au nimepiga chafya. Mwalimu Koskei aliniita pembeni akaniambia, "Puliza kama umekasirika, halafu usikasirike." Sijapata maagizo mazuri ya kazi kuliko hayo. Na ninyi mnaotaka kuvaa shati la kijivu, anzeni hapo. Mtu akikutukana ukiwa na filimbi mdomoni, una bahati, kwa sababu huwezi kumjibu.

La pili alilonifundisha ni kiwanja. Huku kwetu mtu hawezi kuzungumzia basketi bila kuzungumzia maji. Viwanja vyetu vingi vimechongwa kwenye miteremko, chai juu na chai chini, na mvua ya jana huwa bado iko kazini asubuhi ya leo. Ndiyo maana michezo ya vyuo huanza mapema, kabla mawingu hayajajipanga. Refa anayejua kazi yake hufika kabla ya timu. Anatembea kiwanja kizima kwa viatu vya mchezo, si kwa gambuti, ili nyayo zake zimweleze mahali panapoteleza. Maji yanafagiliwa kwanza, kisha gunia kavu linaburutwa, kisha vumbi la mbao linamwagwa pale pasipotaka kukauka. Vumbi la mbao likizidi nalo ni balaa, mpira unageuka chapati iliyoangukia unga.

Kuna kiwanja kimoja cha chuo cha ufundi, upande wa Merigi, chenye kona mbaya. Iko chini ya miti ya bulugamu, jua haliifikii, na matone hudondoka hata siku ambayo mvua haijanyesha. Kona hiyo inahitaji magunia mawili na subira. Mwalimu Koskei aliiita "mgonjwa", na kila tukifika pale alianza kwa kumjulia hali. Ikumbukeni kona hiyo.

Sasa nije kwa Chebet.

Chebet alikuwa nahodha wa timu ya wasichana ya chuo hicho. Hakuwa mrefu, lakini alikuwa anaona nafasi kabla haijafunguka, na kitu hicho hakifundishwi. Nyumbani kwao wana chai kidogo na ng'ombe wawili. Alijiunga na chuo kusomea umeme, na kikapu kilikuwa mlango wake wa pili: kila mwaka wateuzi walikuja kwenye mashindano ya mwisho ya vyuo kutafuta wachezaji wa timu kubwa za mjini, na timu hizo huwa zinawapa wachezaji wao kazi. Kila mtu aliyemwona akicheza alisema atachukuliwa. Kilichobaki ni aonekane.

Siku ya mchezo wa kutafuta tiketi ya mashindano hayo, mimi sikuwepo. Haya nimeyasikia kwa watu wengi, na safari hii hadithi zao zilifanana. Nusu ya timu ilikuwa imeenda atachi, yaani mafunzo ya kazini, wanafunzi wa ufundi mnajua mambo hayo, mmoja yuko gereji Bomet, mwingine yuko kiwandani. Walifika wasichana watano peke yao. Wapinzani wao walikuwa chuo cha upande wa Kedowa, nao walikuwa wamejaa benchi zima. Kadi zikakaguliwa mezani, picha na nyuso zikalingana, wasichana wakaanza kupasha misuli. Na pale konani, kwa mgonjwa wa Mwalimu Koskei, Chebet akateleza, kifundo cha mguu kikageuka.

Sheria inasema timu ianze na wachezaji watano walio tayari. Ukiwa na wanne tu na muda wa kusubiri ukapita, umeshindwa bila mpira kurushwa.

Kocha wao, Bett, alikuwa kijana mchangamfu ambaye watu wote walimpenda, na mimi pia nilimpenda. Alitazama huku na huku. Pembeni mwa kiwanja alisimama Chelangat, jirani yake Chebet, msichana mwenye mikono mirefu aliyecheza basketi sekondari kisha akarudi nyumbani kuchuma chai. Alikuwa amekuja na mama yake kutazama, wametoka shambani moja kwa moja, aproni ya plastiki bado kiunoni. Bett akamwita. Chebet akavua jezi namba nane, Chelangat akaivaa. Hakuna aliyebishana. Mchezo ukaanza.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulielewa haraka. Kwetu kila nyumba ina namba yake kwenye kituo cha kupimia majani. Mama wa nyumba akilazwa, au akiwa amejifungua, chai haingoji. Jani likikomaa kupita kiasi kiwanda hakilitaki. Basi majirani wanaingia shambani kwake, wanachuma, wanabeba hadi kituoni, na wanapima kwa namba yake. Karani anajua kwamba aliyebeba si mwenye namba. Kila mtu kwenye foleni anajua. Hakuna anayeita wizi, tunaita utu, na kesho ni zamu yako kusaidiwa. Wasichana wale walikuwa wamekulia kwenye foleni hiyo. Mwenye namba nane ameumia, jirani amechuma kwa namba yake. Nawaapia kwamba wengi wao hawakuona kosa lolote.

Chelangat alicheza kama mtu aliyefungiwa ghalani mwaka mzima. Alifunga kutoka kila mahali. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu mama yake, ambaye hajawahi kujua kanuni hata moja ya basketi, alishindwa kuvumilia. Mchezo ukiwa umebakiza kidogo tu, Chelangat akafunga kikapu cha ajabu, na mama akaruka, akapiga vigelegele, akapaza sauti kiwanja kizima kikasikia: "Huyo ni wangu! Chelangat! Chelangat wangu, waonyeshe!"

Mezani kwenye karatasi namba nane ilikuwa Chebet. Kocha wa upande wa pili hakusimamisha mchezo. Alimwangalia tu yule mama, akamwangalia mtoto, akachukua simu akapiga picha. Siku hizi simu ndiyo refa wa nne.

Malalamiko yalipelekwa kwa kamati ya ligi, na kamati ikafanya kama kamati zinavyofanya, ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Kufikia uamuzi, mashindano ya mwisho yalikuwa yamekwisha. Chuo cha Merigi kilikuwa kimekwenda na tiketi ile, na Chebet akiwa na mguu uliofungwa bendeji alikaa benchi huku wenzake wakitolewa mchezo wa kwanza. Wateuzi hawakumwona. Ndipo adhabu ikatoka: ushindi umefutwa, na timu imefungiwa misimu miwili. Bett hakuadhibiwa kwa lolote, kwa sababu siku ile ya uamuzi alikuwa ameshahama. Alikuwa amepata cheo chuo kingine, kaunti nyingine, na nilisikia huko wanamsifu kwa nidhamu.

Chuo kikakata rufaa. Rufaa ilisikilizwa na watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa mhadhiri mpole, Mwalimu Langat, mkuu wa michezo wa shule moja, mtu anayenyoosha hata mkeka uliokwisha nyooka, na mimi, kwa upande wa marefa. Tulikaa kwenye darasa la useremala, linanukia gundi.

Chebet alikuja na wasichana wa mwaka wa kwanza nyuma yake, waliojiunga na chuo baada ya kisa kile. Wengine hata hawakuwa wamewahi kumwona Bett. Walikaa kwenye viti vyao wima kama watu waliokuja kanisani ugenini. Mmoja wao alisema, "Sisi tumefika juzi. Tumefungiwa kwa kitu hatujui hata kilifanyika wapi." Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, na nikaona kwamba kura yake imeshapatikana.

Kisha Chebet akasimama. Alikuwa mwaka wa mwisho sasa. Mguu ulikuwa umepona.

"Madam, na nyinyi walimu," alisema, "mimi sikatai. Jezi nilivua mwenyewe. Lakini msimu huu ndio wangu wa mwisho. Mkitufungia, mimi sina mwingine."

Hakulia wala hakupiga magoti. Aliyasema kama mtu anayeagiza sukari dukani, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kumtazama.

Mimi nilikuwa na swali moja, swali la kazi. Sheria inataka watano walio tayari kuanza. Haisemi watano wenye mbio. Mchezaji anaweza kusimama pale wakati mpira unarushwa, na mchezo ukisimama mara ya kwanza akatoka, na wanne wakaendelea. Tumeona timu zikimaliza hata na wachezaji wawili. Basi nikamwuliza, "Siku ile, na ule mguu, ulikuwa unaweza kusimama?"

Akafikiri. "Kusimama ningesimama. Kukimbia ndio singeweza."

"Na mbona hukusimama?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nikajua la kufanya, lakini nitakuwa nawadanganya.

Kwa sababu baada yake aliingia Moraa, nahodha wa ile timu ya Kedowa iliyoshindwa. Alikuwa ameshamaliza chuo. Alikuja kwa nauli yake, amevaa sare ya duka alikokuwa ameajiriwa, na ilibidi arudi kazini kabla ya saa sita. Hakukaa.

"Nyinyi mnaongea msimu wa Chebet," alisema. "Na wangu? Ile gemu ndiyo ilikuwa ya mwisho yangu. Watu nyumbani wananiuliza tulipigwa na nani, sijui niseme nini. Niseme nilipigwa na Chebet? Chebet alikuwa ameketi. Nilipigwa na mtu hayuko."

Chebet alimtazama, kisha akainamisha kichwa. "Pole, Moraa," alisema. Moraa akasema, "Ni sawa," kwa sauti ya mtu ambaye si sawa, akaondoka kuwahi kazi.

Tulipobaki watatu, mwenyekiti alitaka adhabu yote iondolewe. Mwalimu Langat alitaka yote ibaki. "Tukilegeza hapa," alisema, "msimu ujao kila timu itakuja na majirani." Wote wawili wakanigeukia, kama ninyi juzi.

Nilifikiri juu ya ile foleni ya majani. Majani yaliyopimwa kwa namba ya mama mgonjwa hayakumpunguzia mtu yeyote kwenye foleni nzima. Kila nyumba ilibaki na yake. Lakini kiwanjani kila kikapu unachofunga kimetoka kwa mtu, na siku ile vikapu vya Chelangat vilitoka kwa Moraa. Utu wa kituoni ulikuwa umebebwa mpaka mahali ambapo unamwumiza mwingine, na wasichana hawakuona mpaka ulipo. Hilo halikunipa hasira nao. Lakini pia sikuweza kusema kwamba halikutokea.

Nikatoa kura yangu: msimu mmoja badala ya miwili, ili watoto wa mwaka wa kwanza wapate kucheza kabla hawajamaliza, na Bett azuiwe kukaa benchi lolote la ligi yetu. Mwalimu Langat akaniunga mkono kwa shingo upande. Mkiona vizuri, mtaona kwamba katika watu wote waliokuwa darasani asubuhi ile, msimu huo mmoja ulimwangukia Chebet peke yake kama msimu wa mwisho. Bett, yeye, hakurudi tena kwenye ligi yetu, kwa hiyo adhabu yake ilikuwa sawa na kumkataza samaki kupanda mti.

Tulipomsomea, Chebet alisema, "Asante, madam." Iliniuma. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo mkiniuliza kama adhabu ile ilikuwa ya haki, nawaambia: kwa Moraa ilichelewa, kwa Chebet ilikuwa nzito, kwa Bett haikuwa kitu, na mimi bado ningepiga kura ile ile. Najua si jibu mlilotaka. Mlitaka ndiyo au hapana ili mmoja wenu amcheke mwenzake.

Msimu ule wa kufungiwa, kila nilipopita upande wa Merigi asubuhi, nilimkuta Chebet kiwanjani akiburuta gunia pale konani, kisha anawafundisha wale wa mwaka wa kwanza mchezo ambao yeye hangeucheza. Alipomaliza chuo hakuitwa na timu yoyote ya mjini. Siku hizi anatengeneza nyaya za umeme kwenye nyumba za watu kuanzia Kabianga hadi Merigi, hata hii taa ninayoandikia ameifunga yeye, na wikendi anapuliza filimbi. Nilimpa yangu ile isiyo na punje ndani, kwa sababu ile yenye punje ikilowa hukwama. Sikumpa na hotuba.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama akichezesha. Kiwanja kilikuwa kile kile. Timu ya nyumbani ilikuwa ile ile ya chuo chake, wasichana watano tu, wengine wako atachi. Nilifika nimechelewa, na nikajua kwa kuangalia tu kwamba kona ilifutwa, kisha matone ya bulugamu yakailowesha tena. Wakati wa kupasha misuli, msichana mmoja akateleza pale pale. Akabebwa hadi benchi, kifundo kinavimba.

Kocha wao ni kijana mgeni, mstaarabu. Nilimwona akitazama watazamaji, akatazama benchi tena, kisha akaenda kwa Chebet mikono ikiwa mitupu. "Madam refa, tumebaki wanne. Tuandikie tu tumeshindwa."

Chebet alitazama saa. Muda ulikuwa bado haujaisha. Hakumjibu kocha. Alitembea hadi kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya yule msichana aliyekuwa akilia kimya kimya, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyuma yao nilisikia kila neno.

"Unaweza kusimama?"

"Siwezi kukimbia, madam."

"Sijakuuliza kukimbia."

Msichana akafuta macho, akashika bega la mwenzake, akasimama. Wakaingia watano. Chebet akarusha mpira katikati. Yule msichana alisimama kwa mguu mmoja mpaka mpira ulipotoka nje, kisha akachechemea kurudi benchi, na wanne waliobaki wakacheza hadi mwisho na wakafungwa vibaya sana. Niliwapigia makofi mpaka viganja vikaniwasha. Chebet hakunitazama hata mara moja. Alikuwa kazini.